Faraja ya Nani? Majibu ya barua zenu kuhusu mabibi wa Korea

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu pale chini ya ukurasa, kuhusu mabibi wa Korea Kusini ambao wao na wanaowaunga mkono wameandamana kila Jumatano saa sita mchana mbele ya ubalozi wa Japani mjini Seoul, wakidai serikali ya Japani ikiri kwamba jeshi lake liliwafanya watumwa wa ngono wakati wa vita vikuu vya pili. Nilidhani yatapita. Barua zimekuja nyingi, nyingine za karatasi zimeshuka na boti kutoka Faza na Kizingitini, nyingine ni meseji za saa nane za usiku, na zile za matusi nimeziweka kando. Hizi tano nazijibu, na msinipimie urefu, manake maswali yenyewe hayalingani uzito.

Shangazi salam. Sisi vijana hukaa Mkunguni hapa Amu baada ya alasiri, na juzi mmoja wetu akasoma kwa sauti ulivyoandika. Mzee mmoja akasema hao walikuwa malaya wa jeshi tu, wakilipwa, ndio maana huitwa "wanawake wa faraja". Sikupendezwa lakini sikuwa na la kumjibu. Ukweli ni upi? — Kijana wa Langoni, Lamu

Wa aleikum salam mwanangu. Tuanze na hilo neno manake ndilo lililomponza mzee wenu.

Faraja kwetu ni nini? Mtu akifiwa majirani huja kukaa naye matangani, wakampikia, wakamshika mkono, hiyo ni faraja. Mgonjwa aliyekesha akilia akipata usingizi alfajiri tunasema kapata faraja. Sasa hilo jina la wale wasichana limetafsiriwa kutoka neno la Kijapani, ianfu, na waliolitumia ni jeshi, si wale wasichana. Faraja ilikuwa ya askari. Msichana aliyefungiwa chumba cha mbao, nje kuna foleni ya wanaume wamevaa buti, yeye alifarijiwa na nini? Ukilitaja hilo jina bila kulitilia shaka unasema kwa mdomo wa yule aliyefunga mlango. Ndio maana Radhika Coomaraswamy, mwanasheria wa Sri Lanka aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza jambo hili, aliandika kwenye ripoti yake ya 1996 kwamba jina hilo halifai, hawa waitwe watumwa wa ngono wa kijeshi. Mimi nafuata hivyo.

Historia yenyewe ni hii. Danguro la kwanza la jeshi lilifunguliwa Shanghai mwaka 1932, halafu yakaongezeka mno baada ya 1937, askari wa Japani walipoingia mji wa Nanjing wakaua na kubaka kupita kiasi. Wakubwa wa jeshi wakaona ubakaji ule unawachafulia jina na unawachochea raia wazidi kuwapinga, tena wanaogopa kisonono na kaswende zitaangusha kikosi kizima, basi badala ya kuwaadhibu askari wao wakaamua ubakaji upangwe, uwe na ratiba, uwe na daktari wa kukagua, uwe na tikiti mlangoni na saa za askari wa kawaida na saa za maofisa. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba kuna mtu alikaa kwenye meza akaandika ratiba. Kila jeshi lilipokwenda makambi yale yalifuata, Uchina, Ufilipino, Indonesia, Burma, mpaka visiwa vya bahari ya Pasifiki.

Na wasichana walipatikanaje? Korea na Taiwan zilikuwa koloni za Japani, kwa hiyo huko madalali walizunguka vijijini wakiahidi kazi, kiwandani, jikoni, hospitali za kuuguza majeruhi. Msichana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, baba ana deni, anapanda meli akijua anakwenda kufua nguo. Wengine waliuzwa na wenye kuwadai wazazi wao. Na kule vita vilikokuwa vikipigwa, Uchina na Ufilipino, mara nyingi hakukuwa na haja ya dalali, walikamatwa njiani au nyumbani kwao kwa bunduki. Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa sana juu ya ahadi ya kazi nzuri ng'ambo, chambo ni kile kile.

Mzee kasema walilipwa. Wako waliopewa noti za jeshi, wakakatwa nauli, wakakatwa nguo, wakakatwa chakula, na vita vilipokwisha zile noti zikawa karatasi za kufungia kashata. Lakini hata angelipwa dhahabu, swali ni angeweza kuondoka? Angeweza kusema leo naumwa sitaki? Watumwa waliolima mashamba ya Malindi zama za babu wa babu zetu nao walipewa chakula, wengine walipewa na kipande cha ardhi walime chao siku mbili kwa wiki, na hakuna anayesema wale walikuwa wameajiriwa.

Idadi hasa haijafungwa, wako wanahistoria wanaosema 20,000 na wako wanaosema 200,000 au zaidi, manake jeshi liliposhindwa mwaka 1945 lilichoma makaratasi mengi. Halikuchoma yote. Mjapani mmoja, mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki, aliingia maktaba ya idara ya ulinzi ya nchi yake mwenyewe akatoka na hati zinazoonyesha jeshi ndilo lililoagiza madanguro yale, zikachapwa gazetini Januari 1992. Serikali iliyokuwa ikisema hayo yalikuwa mambo ya wafanyabiashara binafsi ikabidi ibadili maneno, na tarehe 4 Agosti 1993 Yohei Kono, aliyekuwa msemaji mkuu wa serikali, akakiri kwamba jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila hiari yao. Basi mwambie mzee, kwa adabu, mpelekee na kahawa, kwamba hata serikali ya Japani ilishakubali lile analolikataa yeye.

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Maweni Malindi. Sipingi kuwa wale bibi walidhulumiwa. Lakini sisi tumefunzwa sitara. Msichana akipatwa na jambo kama lile anafichwa, anapelekwa kwa jamaa mbali, akipata mume anaozwa, maisha yanaendelea. Hawa walinyamaza karibu miaka hamsini, mbona waje kujianika kwenye TV uzeeni? — Mama Wanne

Mama Wanne, barua yako nimeisoma mara tatu manake maneno yako ndiyo niliyolelewa nayo.

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika. Nilipokuwa mdogo, mtaani petu palikuwa na binti, mkubwa kwangu miaka kama mitano, alikuwa akinisuka nywele. Siku moja tukaamka hayupo. Tukaambiwa kapelekwa Mombasa kusoma. Watu wazima walijua, na sisi watoto tukajua baadaye kwa kuunga unga vipande. Yule aliyemtenda aliendelea kukaa baraza yake ile ile, na mimi nilikuwa nikipita asubuhi kwenda madrasa nikimwamkia shikamoo, naye ananijibu marahaba, ananiuliza babako hajambo. Miaka na miaka. Yule binti hakurudi hata kwenye harusi ya ndugu yake. Sasa niambie mama yangu, pale nani alisitiriwa?

Ndio nikamwelewa Kim Hak-sun. Huyu alizaliwa mwaka 1924, askari wa Japani wakamchukua huko Uchina akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Alikaa miezi kadhaa kambini kabla hajatoroka na mwanamume wa Kikorea ambaye alikuja kuwa mumewe. Na mumewe huyo huyo, aliyejua alikomtoa, akilewa alikuwa akimtukana kwa lile lile lililompata, mbele ya mtoto wao. Ile ndiyo sitara aliyoipata duniani. Mume akafa, watoto wake nao wakafa, akabaki mwenyewe na maisha ya shida, na kimya chake hakikumletea nyumba wala heshima. Halafu uzeeni anasikia serikali ya Japani inasema jeshi halikuwa na mkono katika mambo yale. Yaani ameitwa mwongo kabla hajafungua mdomo. Tarehe 14 Agosti 1991 akakaa mbele ya waandishi wa habari, kwa jina lake na uso wake, akasema mimi ni mmoja wao. Hakuna mwanamke wa Korea Kusini aliyewahi kufanya hivyo hadharani kabla yake. Mwezi wa Desemba mwaka ule akaenda Tokyo kufungua kesi, na alikufa Desemba 1997 bila kuombwa ule msamaha alioutaka.

Sikiliza yaliyofuata. Ufilipino kulikuwa na mama mmoja anaitwa Maria Rosa Henson, mwaka 1992 akasikia tangazo kwenye redio likiwaita wanawake waliopatwa na jambo lile wajitokeze. Yuko nyumbani anafanya kazi zake, redio iko pale, unaijua hali hiyo. Alitetemeka, akajikaza, akajitokeza, wa kwanza Ufilipino, na wenzake wengi wakamfuata. Australia kulikuwa na Jan Ruff-O'Herne, mwanamke wa asili ya Kiholanzi aliyetolewa kambi ya wafungwa kisiwani Java mwaka 1944 akafungiwa danguro la jeshi, alikuwa na hanchifu nyeupe ambayo wale wasichana wenzake wa ile nyumba waliandika majina yao, naye akayatarizi juu kwa uzi. Akaificha ile hanchifu karibu miaka hamsini. Alipowaona kina mama wa Korea kwenye televisheni ndipo akawaambia binti zake. Mimi na umri wangu huu, nimekulia kwenye nyumba za wanawake wanaotarizi kofia usiku kucha, nikifikiria ile hanchifu machozi hunitoka.

Kwa hiyo umesema kujianika. Mimi naona walijianika kwa sababu wenye kuwadhulumu walikuwa wamejifunika vizuri sana kwa kimya chao. Na yale maandamano ya Jumatano yalianza tarehe 8 Januari 1992, mvua, baridi, theluji, mabibi wa miaka sabini na themanini wamekaa kwenye viti vya plastiki. Tarehe 14 Desemba 2011 yalipofika mara elfu moja wakaweka pale sanamu ya shaba ya msichana aliyekaa kitini, miguu mitupu, na kando yake kiti kingine kitupu. Serikali yao ilisajili 240 tu waliojitokeza, na waliobaki hai sasa unawahesabu kwa vidole vya mikono yako.

Lakini sehemu moja nakupa haki yako. Wako wengi ambao hawakusema mpaka wakaingia kaburini, na hao siwalaumu hata chembe. Sitara ni haki ya aliyeumizwa, akiitaka apewe, asisukumwe na mwandishi wala wakili wala mimi. Ubaya ni pale anapotaka kusema halafu ukoo mzima unamziba mdomo ili jina la ukoo lisalimike.

Shangazi, mimi mwenyeji wa Lamu nasoma sheria chuo kikuu. Naomba uniambie bila kupamba, hawa wanawake wamepata haki gani mahakamani? Naona kama ni maandamano tu miaka yote hiyo. — Wakili mtarajiwa

Bila kupamba, wamepata kidogo na kwa kuchelewa sana, na waliofaidi zaidi ni wengine waliokuja nyuma yao.

Baada ya vita, mahakama ya Tokyo ya 1946 hadi 1948 iliwahukumu wakubwa wa Japani kwa mengi lakini suala hili halikushtakiwa peke yake kama kosa. Waholanzi walifanya kesi yao Batavia mwaka 1948 juu ya wanawake waliochukuliwa kwenye kambi za Java, ofisa mmoja akahukumiwa kifo na wengine vifungo. Lakini kesi ile iliwahusu wanawake wa Kiholanzi, wale wa Kiindonesia waliopatwa na yale yale kwenye ardhi yao wenyewe hawakuulizwa. Hilo liandike kwenye daftari lako.

Miaka ya tisini wakafungua kesi kadhaa Japani kwenyewe. Mwaka 1998 mahakama ya Shimonoseki iliwapa watatu yeni 300,000 kila mmoja, rufaa ikapindua. Jibu la serikali lilikuwa moja, kwamba mikataba baina ya nchi na nchi, kama ule wa Korea wa 1965, ilimaliza madai yote. Mkataba ambao hao kina mama hawakutajwa ndani yake hata kwa neno moja! Halafu mwaka 1995 ukaundwa mfuko wa kutoa pesa za michango ya wananchi, yeni milioni mbili kwa kila mwanamke pamoja na barua ya waziri mkuu, na wengi walikataa kuzipokea, na wengi wao ni maskini wa kutupwa. Walitaka serikali ilipe kwa jina la serikali, manake mchango ni sadaka na wao walikuwa wakidai haki yao. Mwaka 2015 serikali mbili zikakubaliana tena, yeni bilioni moja, suala lifungwe moja kwa moja, na wenyewe hawakushauriwa. Taasisi iliyoundwa kwa pesa hizo nayo ikavunjwa. Tarehe 8 Januari 2021 mahakama ya Seoul ikaiamuru Japani iwalipe kina mama 12 won milioni 100 kila mmoja, na Novemba 2023 mahakama kuu ya rufaa ya Seoul ikatoa uamuzi kama huo kwa wengine. Japani haikutokea mahakamani wala haijalipa, inasema nchi haiwezi kushtakiwa katika mahakama za nchi nyingine. Wewe mwanasheria utalisoma hilo zaidi, linaitwa kinga ya dola.

Sasa nikupe lile ambalo Wakenya wengi hawalijui. Desemba 2000 mashirika ya wanawake yaliitisha mahakama yao wenyewe Tokyo, mahakama ya watu, haina polisi wala jela, lakini ina mashtaka, ina ushahidi, ina majaji wanaojua kazi. Wanawake zaidi ya sitini walionusurika walihudhuria. Na kati ya majaji wanne waliokaa pale mmoja alikuwa Mkenya, Willy Mutunga, yule yule aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu mwaka 2011. Aliketi na Gabrielle Kirk McDonald wa Marekani, Carmen Argibay wa Argentina na Christine Chinkin wa Uingereza, na hukumu yao kamili iliyosomwa The Hague Desemba 2001 ilimtia hatiani mfalme wa Japani, Hirohito mwenyewe, ingawa alikuwa keshakufa. Wanaoibeza wanasema ni maigizo. Mimi nasema bibi aliyengoja miaka 55 asikilizwe na jaji, akasikilizwa na jaji akaandikwa, hajaigiza.

Na kule kusema kwao hadharani kulifika wakati dunia inaandika upya sheria za vita. Hapa jirani zetu Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba alishtakiwa mwanzoni bila ubakaji kutajwa kabisa. Shahidi mmoja, mwanamke, akiwa anaeleza mambo mengine akataja kubakwa kwa mwanawe, na kwenye jopo alikuwepo jaji mmoja mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, maswali yakafuata, mashtaka yakarekebishwa Juni 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza duniani kusema ubakaji waweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Nauli ya basi tu kutoka hapa. Februari 2001 ikaja ya Bosnia, wanaume watatu waliowafungia wasichana mjini Foča wakapata miaka 28, 20 na 12, na hapo kuwatia watu utumwani kwa ngono kukahesabiwa uhalifu dhidi ya binadamu, jaji kiongozi alikuwa Florence Mumba wa Zambia. Utumwa wa ngono umetajwa kwa jina kwenye Mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha mahakama ya ICC, mkataba ambao Kenya iliuridhia 2005, na makosa yake hayana kuisha muda. Halafu Dakar mwaka 2016, Hissène Habré aliyekuwa rais wa Chad, baada ya waathiriwa kumfuata miaka kumi na sita, akafungwa maisha, na ndani ya hukumu ile wamo wanawake waliopelekwa kambi za jangwani kuwatumikia askari.

Na kwetu pia ulize. Mwaka 2013 watu wanane waliodhulumiwa kingono kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 waliishtaki serikali Nairobi, uamuzi ukatoka tarehe 10 Desemba 2020, wanne wakapewa shilingi milioni nne kila mmoja na wanne wakatoka mikono mitupu. Miaka saba na zaidi kwa kesi moja. Ukihitimu, hapo ndipo pana kazi.

Hayo ni mambo ya Wajapani na Wakorea, yatuhusu nini sisi? Andika kuhusu bei ya samaki. — Nahodha, Mokowe

Bei ya samaki nitaiandika nahodha wangu, inaniumiza na mimi.

Lakini yatuhusu. Tuna neno suria kwenye lugha yetu tangu zamani, na hatukuliazima Japani. Mijakazi waliokuwa wakiletwa hapa wengine walipelekwa mashambani na wengine walipelekwa vyumbani, na hakuna aliyewauliza. Unguja ilipotolewa sheria ya 1897 ya kufuta utumwa, masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake, ikabidi wangoje mpaka 1909. Kwetu huku pwani ya Kenya sheria ya kufuta utumwa ni ya 1907. Yaani bibi zetu wengine walizaliwa na wanawake hao, na majina ya hao wanawake kwenye shajara za ukoo hayapo, limeandikwa jina la bwana peke yake. Nami nimetafuta kwenye ukoo wangu nikakuta pengo.

Tena wale mabibi wa Korea wenyewe hawakusema yetu ni ya Wakorea. Kim Bok-dong na Gil Won-ok mwaka 2012 walitangaza kwamba wakilipwa fidia yao yote itakwenda kwa wanawake waliobakwa vitani kwingineko, ukaanzishwa mfuko unaoitwa wa Kipepeo, na msaada wa kwanza ulikwenda Kongo, kwa wanawake wanaozungumza Kiswahili hiki hiki chetu. Ndivyo yanavyotuhusu.

Shangazi, usiandike mtaa wangu. Binti wa jirani yangu aliambiwa kuna kazi ya kupika, akavushwa mpaka wa Somalia, akakaa kambini kwa al-Shabaab miaka miwili, akapewa wanaume hakuwachagua. Amerudi kwa kutoroka, ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja. Hatoki nje. Watu wanamwita mke wa gaidi na mtoto wanamwita gaidi mdogo. Nimsaidie vipi bila kumponza? — Jirani

Jirani, Mungu akulipe kwa kuuliza. Si yeye peke yake, waandishi wa habari walishawahi kukutana na wanawake wa Pwani waliorudi na simulizi kama hiyo hiyo.

Kwanza hilo neno mke. Ndoa haipatikani kwa bunduki, kwa dini wala kwa sheria ya nchi. Majaji wa ICC walishalisema hilo kuhusu Uganda, Februari 2021 walimtia hatiani Dominic Ongwen wa jeshi la Kony kwa ndoa za kulazimisha na mimba za kulazimisha, akafungwa miaka 25, na walipopanga fidia Februari 2024 waliwahesabu watoto waliozaliwa kule msituni kuwa ni waathiriwa wenyewe, sawa na mama zao. Ukimsikia mtu anasema gaidi mdogo, huna haja ya kugombana, wewe muite yule mtoto kwa jina lake, kwa sauti, mbele yao, kila siku.

Usimwulize yaliyompata. Wewe mpelekee mahamri, kaa, mshike mtoto aoge yeye kwa raha, ondoka. Akitaka kusema atasema, na akisema usimkatize wala usimwambie ungefanya hivi ungefanya vile. Hospitali aende hata kama muda umepita, apimwe virusi na magonjwa mengine, aombe mshauri nasaha, akiogopa kwenda ya karibu kwa ajili ya macho ya watu nendeni ya mji mwingine na wewe ukiwa naye. (Na kwa yeyote mwingine asomaye hapa, ikiwa jambo limetokea juzi au jana, dawa za kuzuia virusi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na usioge kwanza, na nguo uliyovaa itie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ndiyo ushahidi wako.)

Polisi ndipo unapoogopa na sikulaumu, manake wako waliorudi wakaulizwa kama washukiwa badala ya kuulizwa kama walioibiwa maisha. Asiende peke yake kuandikisha taarifa. Pigeni kwanza 1195, ni bure, ni usiku na mchana, ni nambari ya taifa ya dhuluma za kijinsia, waelezeni mnataka wakili wa kusimama naye kabla hajasema lolote. Akiamua asiende kabisa, huo ni uamuzi wake, usimnunie. Lakini anaweza kuandika kwenye daftari, au akurekodie kwa sauti, tarehe anazokumbuka, majina waliyoitana, mahali, nani alimpa nauli hapa mjini. Huyo wa nauli hasa. Daftari alifiche anapotaka yeye, hata kama litakaa miaka.

Na mtoto akaandikishwe cheti cha kuzaliwa, msingoje mpaka afike umri wa shule. Jina la baba si lazima, pale panaachwa, anaandikwa kwa jina la mamake na ukoo wa mamake. Akikubali nenda naye wewe, siku ya katikati ya wiki, asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu.